Wacha Kutudanganya, Contra Haikukulea

Wasee, leo nitakosana na watu wazima. Kama wewe ni wa kukasirika haraka, tafuta kiti kwanza, hii ni ndefu.

Kuna stori moja imeshika sana huku mtandaoni. Kila wiki kuna mtu wa miaka thelathini na kitu, arobaini hivi, anaweka picha ya ile TV game ya zamani, ile ya pedi za waya na kaseti ya manjano. Chini anaandika: "Gemu zetu zilikuwa ngumu. Hakuna kusevu, hakuna kusaidiwa, ukikufa unaanza mwanzo. Ndiyo maana sisi tuko ngangari. Hawa wa siku hizi wakishindwa mara mbili wanalia." Halafu wenzake wanajaa hapo kupiga makofi, kila mtu akihesabu makovu yake.

Ningeachana nao. Kila mtu ana haki ya kupenda utoto wake. Lakini Disemba iliyopita hiyo stori ilinifuata mpaka ushago, ikakaa na sisi mezani na ikakula chapati zetu.

Tulikuwa kwa shosho, ukoo mzima. Anko wangu, kakake mathe, akaniuliza mbele ya watu chuo kinaendeleaje. Anajua nilitoka. Kila mtu kwa hiyo meza alijua nilitoka. Nikamjibu kwa heshima, "Anko, niliacha. Sasa nafanya kazi ya video." Akacheka, akageukia wengine. "Shida ya hawa vijana ni moja tu. Wamelelewa na gemu za simu, kila kitu rahisi. Sisi tulicheza Contra na roho tatu. Ukikufa, mwanzo. Huyu angelelewa na Contra, saa hii angekuwa na digrii."

Watu wakaangua kicheko. Mathe hakucheka. Aliangalia sahani yake.

Mimi natafuta unga kwa kuongea, lakini siku hiyo nilinyamaza. Hujibizani na anko ndani ya nyumba ya mamake. Sasa niko kwa bedsita yangu, kodi ya mwezi nimelipa mwenyewe, na kamera imezimwa. Anko, najua hupitagi huku, lakini kuna binti yako atakuonyesha. Nisikize mpaka mwisho.

Kwanza tuelewane: mimi si mgeni kwa hizo gemu. Nilizaliwa 2003, kwa hivyo TV game ilinifikia ikiwa imepita mikono mingi, kupitia binamu yangu mkubwa. Waya ya pedi moja ilikuwa imefungwa na selotepu. Tivi ilikuwa Great Wall ya inchi 14, unatafuta chaneli na kidole mpaka picha itulie. Kaseti iliandikwa gemu 9999. Ukikaa chini uhesabu, zile tofauti hazifiki hata 50, zilizobaki ni zilezile zimebadilishwa jina. Contra ilikuwepo. Mario alikuwepo. Ile ya vifaru, ile ya sarakasi ya kuruka moto, na ile ya kupiga bata na bunduki ya plastiki, ambayo ilikufa siku walinunua tivi bapa, kwa sababu ile bunduki ilikuwa inasoma mwanga wa tivi ya kichogo peke yake.

Nimekufa kwa hizo gemu kuliko nilivyokufa kwa kitu kingine chochote. Kwa maporomoko ya maji ya Contra, hatua ya tatu, unapanda juu, na mwenzako akiruka mbio kukuzidi skrini inapanda naye, wewe uliyebaki chini unakufa bila hata kupigwa risasi. Binamu yangu aliniua hivyo mara sijui ngapi. Hadi leo nikisikia ule muziki vidole vinaanza kucheza vyenyewe. Kwa hivyo msiniambie sijui. Najua, na nazipenda. Ndiyo maana nakasirika zikigeuzwa fimbo.

Sasa twende kwa swali lenyewe. Hizo gemu zilikuwa ngumu kwa nini?

Watu wanaongea kama kwamba kulikuwa na wazee fulani Japan walikaa wakasema, "Tujenge tabia ya watoto wa dunia." Wapi! Ugumu ulikuwa na bei, na bei ilikuwa inaenda kwa mtu.

Anza na mashine za sarafu. Kabla gemu ziingie nyumbani zilikuwa kwa mabanda na maduka, mashine kubwa imesimama, unaingiza sarafu unacheza. Space Invaders ilitoka 1978, Donkey Kong 1981. Marekani ulikuwa unaingiza senti 25, Japan yeni 100. Sasa fikiria wewe ndiye mwenye mashine. Mtoto akicheza saa nzima kwa sarafu moja, umeumia. Unataka afe haraka, lakini asife haraka sana mpaka aone ameibiwa. Afe akisema, "Aah, nilikuwa karibu!" Halafu atoe sarafu nyingine. Hiyo ndiyo hesabu. Ule ugumu unaouita malezi ulikuwa mlango wa kuingilia mfuko wako.

Chukua Ghosts 'n Goblins ya Capcom, 1985. Yule askari wa vyuma akiguswa mara moja anabaki na chupi, akiguswa mara ya pili ni mifupa. Ukijikaza, ukatoa jasho, ukafika mwisho, gemu inakwambia hayo yote yalikuwa mtego wa shetani, rudi mwanzo ucheze tena yote ndio uone mwisho wa kweli. Hapo kuna somo gani la maisha? Hiyo ni kama umefika Mombasa na basi, kondakta anakwambia tiketi ilikuwa ya kukaribia tu, rudi Nairobi upande upya.

Kama wewe ni mtoto wa mtaa, hii hesabu unaijua bila kufundishwa. Umewahi kucheza kwa kibanda cha PS? Mtaani kwetu ilikuwa bob 10 kwa mechi. Anayeshinda anabaki kwenye kiti, anayeshindwa analipa. Mwenye kibanda aliweka kila nusu dakika tatu, na ukiuliza kwa nini fupi hivyo anakwambia, "Foleni ni ndefu, kijana." Foleni ilikuwa watoto wawili. Pesa yangu ya mandazi ilienda hapo muhula mzima, nikipigwa na jamaa mmoja wa darasa la nane ambaye sijui kama alikuwa analala kwao. Sikutoka hapo na uvumilivu. Nilitoka hapo na njaa.

Gemu zilipoingia nyumbani, ungefikiria sasa ugumu utapungua, maana hakuna sarafu. Haikuwa hivyo. Marekani watu walianza kukodisha gemu kwa maduka ya video, wikendi moja kwa pesa kidogo. Nintendo hawakupenda kabisa, hadi 1989 walipeleka Blockbuster kortini kwa sababu ya kutoa nakala za vijitabu vya maelezo ya gemu. Lakini sheria ya Marekani iliacha gemu za konsoli ziendelee kukodishwa. Kampuni zikaona: mtoto akimaliza gemu kwa wikendi moja, hatainunua. Dawa? Ongeza ugumu.

Ushahidi uko. Contra: Hard Corps ya 1994, ya Sega. Toleo la Japan, mchezaji anavumilia kupigwa mara tatu kabla ya kupoteza roho. Toleo la Marekani, risasi moja umekwenda. Gemu ni ileile. Kwani watoto wa Marekani ndio walihitaji kulelewa zaidi?

Ama chukua gemu ya The Lion King, 1994 pia. Simba, Rafiki, Pumbaa, majina yote ya kwetu. Ile hatua ya pili, ya nyani wanaokurusha huku na huku, imelaza watoto wengi na hasira. Louis Castle, mmoja wa waanzilishi wa Westwood walioitengeneza, alieleza miaka mingi baadaye kwamba ugumu uliongezwa mapema kwenye gemu ili aliyekodisha asifike mbali kabla ya kurudisha. Umeona? Kuna mtoto alilala akijiona mjinga, kumbe kuna mtu ofisini alikuwa analinda mauzo.

Halafu kuna nafasi. Super Mario Bros. ya 1985, gemu nzima, na milima na mabomba na majumba yote 8, ni kilobaiti 40. Selfi moja ya megabaiti 2 kwa simu yako inatosha Mario 50. Hawangeweza kuweka saa 60 za hadithi hapo. Mtu anayeijua Contra anaimaliza chini ya nusu saa. Mario, ukijua njia za mkato, wale mabingwa wanamaliza chini ya dakika 5. Sasa utamuuzia mzazi kitu ghali hivyo cha nusu saa? Unamfanya mtoto afe mara mia, na nusu saa inakuwa miezi mitatu. Ugumu ulikuwa maji kwenye supu, ili sufuria ijae.

Sisemi walikuwa watu wabaya. Walikuwa wanafanya biashara, na ndani ya hiyo biashara walitengeneza vitu vitamu sana. Nasema tu usichukue mbinu ya mauzo ya 1987 ukaigeuza Mithali za Suleimani.

Pili, na hapa ndipo natakanga kucheka. Hakuna mtu alimaliza Contra na roho tatu!

Sawa, kuna wachache walimaliza, heshima zao. Lakini wewe, anko, na wengi wa wale wanaoweka picha, mlimaliza na roho 30. Juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, kisha uanze. Nyinyi ndio mlitufundisha! Na kwa kaseti nyingi za gari la Uchina hata hukuhitaji kubonyeza chochote, ilikuwa imeandikwa kwa orodha kabisa, Contra ya roho 30, unachagua tu kama soda. Binamu yangu alinipa hiyo siri kabla hata hajanionyesha kitufe cha kuruka.

Na unajua hiyo mbinu ilitoka wapi? Jamaa mmoja wa Konami anaitwa Kazuhisa Hashimoto, aliyekufa 2020. Alikuwa anahamisha gemu ya Gradius kutoka mashine ya sarafu kuja kwa konsoli, ilitoka 1986. Alihitaji kuijaribu mwanzo mpaka mwisho, ikamshinda. Yeye mwenyewe, mwenye kuitengeneza! Akajiwekea vitufe vya siri vya kumpa silaha zote, halafu vikabaki ndani. Miaka miwili baadaye vitufe vilevile vikaingia Contra ya nyumbani na kuleta roho 30. Kwa hivyo ile hadithi yenu ya uchungu, ukiifuata hadi mzizi, unakuta mtu mzima aliyeona hii ni ngumu bure, akaomba msaada kwa mashine, na dunia nzima ikamshukuru.

Hiyo ndiyo historia ya kweli ya ugumu wa zamani. Kila mahali palipokuwa na ukuta, palikuwa na mtu anapitisha siri chini ya dawati. Marekani Nintendo walikuwa na jarida kutoka 1988, na washauri unawapigia simu wakikwambia upite wapi. Hapa kwetu ilikuwa kijana wa mtaa wa pili ambaye amesikia kwa binamu wake. Hakuna aliyetoka peke yake.

Tatu. Ati gemu za siku hizi ni rahisi na sisi tunaogopa ugumu. Elden Ring, 2022, imeuza nakala zaidi ya milioni 20. Hiyo gemu inakuua kama imetumwa. Cuphead ya 2017 ina katuni nzuri kama za nyanya zetu, na roho mbaya kuliko Contra. Nani anazinunua? Nina beste amekwama kwa bosi mmoja wiki mbili, kila siku jioni baada ya kazi anarudi kupigwa. Hajalia. Analaani kidogo, anachukua chai, anarudi.

Tofauti ni hii: ugumu wa sasa, ule mzuri, unaheshimu wakati wako. Celeste ya 2018 ni ngumu kishenzi. Unakufa mara elfu. Lakini ukikufa unarudi mwanzo wa chumba kilekile ulichoangukia, sekunde hiyohiyo, jaribu tena. Na kama vidole vyako vina shida, ama umechoka, kuna sehemu ya msaada unapunguza kasi, na gemu haikutukani. Linganisha na Ninja Gaiden ya zamani, unafika kwa bosi wa mwisho, unakufa, inakurudisha mpaka mwanzo wa hatua ya 6. Ulichokosea ni ule mruko mmoja, lakini adhabu ni safari nzima. Hiyo haikufundishi kumshinda bosi. Inakufundisha kutembea ile barabara ambayo tayari unaijua, mpaka uchoke.

Na zile gemu za simu unazoziita rahisi, anko, umeziangalia vizuri? Candy Crush inakupa roho 5. Zikiisha unasubiri nusu saa roho moja irudi, ama unalipa. Unatambua hiyo? Ni ile mashine ya sarafu, imerudi. Safari hii haihitaji hata utoke nje na senti, M-Pesa iko hapo kwa mkono. Na ile ndege ya kubeti inayopaa na kukatika, ambayo nusu ya vijana wa mtaa wameiinamia saa hii, ni jamaa yake wa karibu sana: "Aah, nilikuwa karibu!" Beste yangu mwingine ilimmeza karo ya semesta nzima kwa usiku mmoja. Hapo ndipo ningetaka mtu mzima apige kelele. Hasira yenu yote mmeielekeza kwa mtoto anayecheza, na aliyetengeneza mtego mnamwacha akipita na suti.

Najua jibu lako. Utasema, "Lakini ukikufa mara ishirini ukiendelea, si hiyo ni tabia?"

Ndiyo, kuna kitu hapo, na sitakataa. Nilijifunza kurudia. Nilijifunza kwamba hasira inakufanya ubonyeze vibaya. Lakini angalia kwa nini kurudia kulifanya kazi. Contra haibadiliki. Yule askari wa kwanza anatokea palepale, leo, kesho, na mwaka ujao. Risasi zinakuja kwa njia ileile. Ukifa mara ishirini umejua mara ishirini, na ya ishirini na moja unapita. Hapo uvumilivu unalipa kwa sababu mashine imeahidi kukaa vile ilivyo.

Sasa nikuambie kuhusu chuo, kwa sababu hii hukuniuliza.

Mwaka wa pili mathe aliugua. Unajua, ulikuja hospitali na matunda. Pesa ya karo ikaenda kwa dawa na kitanda, na ningefanya hivyo tena kesho. Nikabaki na salio la 38,000. Wiki ya mtihani mfumo ukakataa kunipa kadi ya mtihani. Nikaenda ofisi ya kwanza, wakanituma ya pili. Ya pili wakasema mwenye kutia sahihi hayuko. Nikarudi kesho yake, wakasema utaratibu umebadilika, sasa ni kwa mtandao. Mtandao ulikuwa chini. Nilikuwa nimesoma, wasee. Nilikuwa na daftari imejaa hadi jalada la nyuma. Nilisimama nje ya ukumbi nikisikia wenzangu wakiambiwa wafungue karatasi. Nikakosa mitihani minne. Halafu nikaambiwa nirudie mwaka mzima, na karo ya mwaka mzima, juu ya lile salio.

Hapo ningerudia mara ishirini ningejifunza nini? Ukuta ulikuwa unahama kila nikiufikia. Nilihesabu mwaka mmoja zaidi, kodi ya nyumba, chakula, mathe bado anameza dawa, na nikaamua kutoka. Haikuwa rahisi, na sijui kama ilikuwa sawa. Kuna usiku bado napiga hiyo hesabu. Lakini usiniambie nilitoka kwa sababu sijui kufa na kurudi. Nimekufa kwa yale maporomoko ya maji tangu nikiwa na miaka saba.

Na kuna simu moja nilipiga wiki ile. Unaikumbuka. Sikuomba zawadi, niliomba mkopo, nikasema nitalipa kidogokidogo. Ukasema, "Pambana, kijana. Maisha ni kupambana." Ukakata.

Si lazima mtu anisaidie. Pesa ni yako, una watoto wako. Ningeelewa kabisa kama ungesema huna. Ninachokataa ni kunyimwa halafu kufundishwa, na kufundishwa kwenyewe ni mbele ya mathe.

Kwa sababu mimi najua ile stori nyingine, ambayo haikuwekwa mezani pamoja na chapati. Mathe alikuwa kidato cha pili wewe ukimaliza msingi. Ng'ombe ilikuwa moja. Iliuzwa ikalipa karo ya kijana, na msichana akabaki nyumbani kusaidia shosho. Miaka minne baadaye kijiji kikafanya harambee wewe uende chuo, na mathe, ambaye alikuwa ameanza kuuza nguo za mitumba, alitoa pia. Hajawahi kulalamika hata siku moja. Mimi niliambiwa na shosho.

Kwa hivyo, anko, ulicheza na roho 30. Nyingine zilikuwa za kijiji, na kadhaa zilikuwa za mathe. Hakuna aibu hapo. Hivyo ndivyo watu wetu wanapita hatua ngumu, tangu zamani. Aibu ni kufika mwisho halafu ukaanza kuwaambia watu ulikuwa na tatu.

Hiki ndicho kinaniuma na hii nostalgia yote. Inafuta wale waliokaa kando yako. Mtu anakumbuka vidole vyake tu. Hakumbuki aliyekuwa anashika ile waya isiteleze, aliyekuwa anapiga tivi ubavuni picha ikikatika, aliyepewa pedi mbovu akakubali ili wewe ucheze na nzima. Halafu anachukua huo upweke wa uongo na kuwauzia vijana ambao wako peke yao kweli, anawaambia, ndiyo njia.

Na ajabu ni kwamba Contra yenyewe inampinga. Wale mliocheza wawili mnajua hii. Roho zako zikiisha na mwenzako amebakisha, si lazima ukae ukimtazama. Unaweza kuchukua moja ya kwake, ukarudi skrinini mkaendelea pamoja. Gemu ngumu hivyo, ya risasi moja umekufa, na waliitengeneza wakaacha mlango wa kukopeshana roho. Mara ya kwanza binamu yangu alinionyesha hiyo nilikuwa nimekufa mapema kama kawaida, nikaanza kuinuka kwenda nje. Akaniambia bila kutoa macho kwa tivi, "Keti. Chukua yangu moja." Alikuwa amebakisha mbili.

Hatukumaliza siku hiyo. Stima ilipotea tukiwa kwa lile barafu. Lakini ukiniuliza ni nini nilijifunza kwa Contra, ni hiyo. Kama kweli ilikulea, anko, hiyo sehemu ulikuwa wapi?

Wasee, pendeni gemu za zamani. Tafuteni ile mashine, nunueni kaseti ya manjano pale mjini, fundisheni wadogo zenu. Ni tamu, na muziki wake hauna mpinzani. Mtu akikuletea hadithi ya roho tatu, muulize tu polepole: zile nyingine 27 alipewa na nani?

Disemba hii naenda ushago na TV game. Nimeinunua wiki jana, pedi mbili, waya zote nzima, na nimeijaribu kwa tivi ya shosho kwa video, inashika. Anko, pedi ya kwanza ni yako. Hakuna juu juu chini chini. Roho tatu wewe, roho tatu mimi, watu wote wakiangalia, mathe akiwa amekaa kwa kiti kizuri cha mbele.

Na zako zikiisha, usiinuke. Nitakupa yangu moja.